Kamera inayoangalia mikia ya nguruwe

Waliowahi kufuga nguruwe wengi banda moja wanaijua hii, jana walikuwa wametulia kabisa, leo asubuhi unafungua mlango unakuta damu ukutani na watatu mikia imeliwa. Anaanza mmoja kumng'ata mwenzake, damu ikishatoka na wengine wanaingia, hapo kuwatuliza ni shughuli, na kidonda kikioza usaha unaweza kupanda mpaka kwenye uti wa mgongo. Ulaya wafugaji wengi wanawahi, wanawakata mikia wakiwa bado watoto wa siku chache, mara nyingi bila ganzi. Sheria ya Umoja wa Ulaya inakataza kukata kwa mazoea lakini nchi nyingi tu bado wanakata, mtu anaogopa hasara.

Mimi hili la kukata linaniuma sana, ndo maana nilivyosoma kazi ya watafiti wa SRUC, chuo cha kilimo cha kule Scotland, nilifurahi kwelikweli. Waliichapisha 2018. Walichukua nguruwe wenye mikia yao kamili, wakafunga kamera za 3D juu ya sehemu ya kulia chakula, zile zinazopima na umbali sio picha bapa tu, afu programu ikawa inasoma kila mkia umekaaje. Nguruwe akiwa sawa mkia umejikunja juu, mambo yakianza kuharibika anaufyata, na kamera ikaonyesha kabisa mikia inazidi kushuka siku kadhaa KABLA ya vurugu kulipuka. Programu ilipatia mkia ulioshuka na usioshuka kwa karibu asilimia 74, bado haijakamilika, ila kwangu hizo siku chache ni dhahabu, maana unapata muda wa kuwaongezea majani makavu watafune, kukagua maji na hewa, kumtoa mng'ataji.

Kondoo nao wamefikiwa, 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walifundisha kompyuta kusoma uso wa kondoo mwenye maumivu: macho yanasinyaa, mashavu yanakaza, masikio yanakunjika kwenda mbele, na tundu za pua zinaacha umbo la U zinakuwa V. Kondoo hapigi kelele akiumwa, mnyama wa kuwindwa akionyesha udhaifu ameisha, kwa hiyo anavumilia na sisi tunasema mzima.

Ninachokiogopa ni kitu kimoja. Mwenye shamba kubwa akishafunga kamera anaweza kusema sasa nina ulinzi, ngoja niongeze wengine ishirini humohumo, na kubanana ni mojawapo ya vitu vinavyowafanya wang'atane! Ningependa yale anayoyaona mwenye shamba kwenye kompyuta yake daktari wa mifugo naye ayaone, aulize mikia ilishuka Jumatatu, ulifanya nini Jumanne.

Kwetu huku mtu ana nguruwe sita nyuma ya nyumba, kamera ya 3D ya nini, macho yanatosha kabisa. Ukishawamwagia pumba usiondoke hapohapo, simama nyuma yao wakiwa wanakula uangalie mikia, maana wakati wa kula ndo mingi inatakiwa iwe juu, ukiona miwili mitatu imelala anza na maji, afu angalia nani anawafuatafuata wenzake kwa nyuma, huyo mtenge mapema.