Mwasho haukuambii PBC imefika wapi

Mtu mwenye PBC, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mirija midogo ya nyongo ndani ya ini, mara nyingi hujipima kwa mwasho na uchovu. Ni haki yake, maana hivyo ndivyo vinavyomkosesha usingizi. Lakini mtu anaweza kuchoka kupita kiasi na ini lake bado halina makovu mengi, na mwingine asijikune hata siku moja huku makovu yakisonga mbele.

Kinachotabiri zaidi ni majibu ya damu baada ya miezi 12 ya kumeza asidi ya ursodeoksikoliki, dawa ya kwanza ya PBC. ALP, kimeng'enya kinachopanda kwenye damu mirija ya nyongo ikiumia, ikibaki juu ya mara 1.67 ya kikomo cha juu cha kawaida cha maabara (kikomo kikiwa 120, ni kama 200), hatari ingalipo. Bilirubini, rangi ya manjano ya nyongo, ikipanda ni zito zaidi, kwa sababu kwa kawaida huchelewa kupanda, mirija mingi ikiwa imeshaharibika. Albumini, protini inayotengenezwa na ini, ikishuka, au chembe sahani (za kugandisha damu) zikiwa chini ya 150,000 kwa mikrolita, fikiria makovu makubwa.

Ila kabla ya kusema dawa imeshindwa, tafadhali piga hesabu ya dozi. Ni miligramu 13 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kwa siku. Mwenye kilo 84 anayemeza vidonge vitatu vya 250 anapata chini ya 9 kwa kilo, anahitaji vitano. Uzito huongezeka, cheti cha dawa kinabaki kilekile. Na anayetumia kolestiramini kwa ajili ya mwasho aache angalau saa 4 kati ya dawa hizo mbili, la sivyo ile ya ini inanaswa tumboni.

Aliyegunduliwa kabla ya miaka 45 huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kutoitikia dawa. Wanaume nao, ambao mara nyingi hugunduliwa wakiwa wamechelewa. Kingamwili za gp210, yaani zinazolenga protini ya mwili iitwayo gp210, zikionekana kwenye damu, afuatiliwe kwa karibu zaidi. Dozi ikiwa sahihi na ALP haishuki, uliza kuhusu dawa ya pili mapema, usingoje macho na ngozi viwe vya manjano.

Kipimo cha ugumu wa ini kikizidi kilopaskali 9.6, hatari huongezeka. Kifanyike baada ya kufunga saa 3 au zaidi: chakula huongeza damu kwenye ini na namba hupanda bure.