Gari la siti saba limeniletea maneno

Mume wangu alituma picha ya gari letu kwenye kundi la WhatsApp la ukoo Jumapili jioni. Ni Toyota Verso ya mwaka 2012, ya petroli, siti saba, imeshatembea maili 80,000 na ushee. Nilipotoka zamu ya usiku nikakuta kundi limechangamka. Hongera zilikuwa nyingi na nimezipokea kwa moyo mmoja. Lakini baba mdogo aliandika, "Naona mambo yamenyooka mwanangu, na sisi huku mtukumbuke." Binamu akauliza kwa nini lile la zamani hatukulituma nyumbani Tanzania. Kufika mchana mweka hazina wa send-off ya binti wa shangazi alikuwa ameshatupangia kiwango chetu, mara tatu ya kile cha ndugu wengine. Sababu? Siti saba.

Imeniuma, na sitaki kunyamaza. Tumetoa mchango sawa na wenzetu, basi. Sasa nieleze gari lilivyonunuliwa.

Sisi tunaishi Reading, Uingereza. Tulikuwa na Yaris ya mwaka 2006, ile ambayo nyumbani ni Vitz. Ilitubeba kazini, sokoni, kliniki, hatukuwa na shida nayo. Kisha akaja mtoto wa tatu. Nyumbani mtoto wa tatu hana gharama kwenye gari, mama anapakata, wakubwa wanasogea. Hapa mtoto lazima awe kwenye kiti chake maalumu mpaka atimize miaka 12 au afike urefu wa sentimita 135, na faini yake inaweza kufika pauni 500. Anayelipa ni dereva. Kichanga ndiyo kabisa, anakaa akitazama nyuma, na siku ya kutoka hospitali mkunga aliulizia kiti chake kabla hajauliza nguo.

Tulijaribu kupanga viti vitatu nyuma ya Yaris. Viwili vinaingia. Cha tatu kinaingia kwa kulazimisha, halafu kile kifungio cha mkanda wa katikati kinazama kati ya viti, unapenyeza vidole mpaka ngozi ya juu inachubuka, na mtoto analia kwamba unamfinya kiunoni. Sheria ina mwanya wake: kama viti viwili vya watoto vimejaza nyuma na cha tatu hakiingii, mtoto wa miaka 3 au zaidi anaweza kufungwa mkanda wa kawaida. Mimi sikuutaka mwanya huo. Wa kati ana miaka 4, mkanda wa mtu mzima unampita shingoni. Kwa hiyo kwenda kumwona mama mkubwa Barking, London, tukawa tunagawana, baba na wadogo kwenye gari, mimi na mkubwa kwenye treni. Nauli ya treni za hapa sitaitaja, mtadhani nawadanganya.

Tulikuwa bado tunavumilia hivyo mpaka ukaguzi wa kila mwaka ulipofika, wanauita MOT. Gari likishatimiza miaka 3 lazima likaguliwe kila mwaka, na ada yake haizidi pauni 54.85. Yaris ikaanguka. Fundi, Mpakistani mtu mzima mwenye gereji ndogo, aliniita chini ya jeki. Akagonga boriti ya ubavuni, chini ya mlango wa nyuma, na bisibisi. Ikazama. Akaigeuza, vipande vya kutu vikadondoka kwenye kiganja chake kama maganda ya kitunguu. Ni chumvi. Kipindi cha baridi halmashauri zinamwaga chumvi barabarani barafu isishike, na chumvi hiyo inakula chuma kutoka chini, mahali usipopaona. Injini ilikuwa nzima kabisa! Kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, mtu angechomelea kabla ya adhuhuri, jioni unarudi nalo nyumbani. Hapa saa moja ya fundi ni pesa nyingi kiasi kwamba kazi yote ilizidi thamani ya gari. Yule mzee angeweza kuchukua kazi, akanipiga bili, nisingejua. Akasema, "Dada, usitie pesa yako hapa." Hata ya kuangalia hakunitoza. Namwombea heri mpaka leo.

Binamu, ndiyo maana hatukulituma. Piga hesabu ya meli, halafu gari lililozidi miaka 10 TRA, watoza kodi wa kwetu, wanaliongezea ushuru wa uchakavu juu ya ushuru mwingine, na chini limeoza. Lilienda kwa wanunuzi wa chuma chakavu, waliotuma malipo benki, maana hapa England sheria hairuhusu kulipa chakavu kwa pesa taslimu.

Kutafuta kubwa nako kuna mitego, na hapa ndugu mnaopanga kuja na familia msome kwa makini. Magari ya siti saba yanayouzwa bei ya kuvutia mengi ni dizeli za kabla ya Septemba 2015. Unaona bei, unasema Mungu mkubwa. Kumbe dizeli nyingi za umri huo hazikidhi kiwango cha kanda ya kudhibiti moshi ya London, na tangu tarehe 29 Agosti 2023 kanda hiyo imefunika wilaya zote za jiji, Barking ikiwemo. Ukiingia nalo unalipa pauni 12.50 kwa siku, na siku yao inakatika usiku wa manane. Ukifika kwa mama mkubwa jioni ukaondoka saa saba usiku, umelipa siku mbili. Petroli za kuanzia 2006 hivi nyingi zinapita bure. Pia weka namba ya gari kwenye tovuti ya serikali uone historia yake ya ukaguzi, ni bure, utaona maili zake mwaka hadi mwaka na kila lilipoanguka. Na uhakikishe halina deni la mkopo, maana deni linaweza kulifuata gari mpaka kwako. Kodi ya barabara nayo haiji na gari, ikishauzwa unaanza kulipa upya siku hiyo hiyo kabla hujaliondoa. Magari ya umri huo yanapimwa kwa moshi: moja halifiki pauni 50 kwa mwaka, jingine linapita 700. Nyumbani tulishasahau mambo hayo tangu 2017 yalipohamishiwa kwenye mafuta.

Bima ndiyo iliyonitoa machozi. Bima ndogo ya kwetu, ile ya kumlipa uliyemgonga tu, mnaijua, shilingi 118,000 na mwaka umeisha. Yaris tulilipia pauni 610. Kwa Verso wakataka 1,090, kampuni ile ile, madereva wale wale, na hatujawahi kugusa hata kioo cha mtu. Juu yake ada ya kubadilisha gari. Tulipoulizia bima ndogo ya hapa, ikawa ghali kuliko kubwa.

Gari lenyewe ni pauni 4,800. Hatukukopa. Zamu za usiku za mwaka mzima, mume wangu akiendesha basi hata sikukuu, na kwenye mchezo wa kupeana pesa wa kina mama wa Kitanzania wa hapa, zamu yangu ikiwa bado, dada zangu wawili wakakubali kunipisha mbele. Hakuna aliyeniuliza dhamana. Kwa hilo najivuna na nitaendelea kujivuna, tumebeba boksi na boksi limeleta kitu watoto wanakiona.

Na mnaokuja, anzeni na leseni. Ya Tanzania mtaendeshea miezi 12 tu, na haibadilishwi kama ya Afrika Kusini au Zimbabwe. Leseni ya mwanafunzi ni pauni 34, mtihani wa nadharia 23, wa barabarani 62 siku za kazi, bado mwalimu wa kila saa na foleni ya miezi. Ukifaulu, hata kama umeendesha Kariakoo miaka 15, kwao wewe ni dereva mpya: ndani ya miaka 2 ukifikisha pointi 6 za makosa leseni inafutwa. Kukamatwa bila bima mara moja ni pointi 6 hizo hizo, faini ya pauni 300, na gari wanaweza kuondoka nalo. Mwaka wa kwanza pandeni basi. Tangu Januari 2025 nauli ya safari moja kwenye mabasi mengi ya England haizidi pauni 3.