Mguu wa Bandia Ukivuliwa Kiatu

Mwezi uliopita, mzee mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, alirudi karakanani, ninapotengeneza miguu ya bandia, siku 9 baada ya kukabidhiwa mguu wake. Alikuwa amekatwa chini ya goti kwa sababu ya kisukari, na siku ya majaribio alitembea vizuri mno: mita 10 kwa mwendo wa kawaida, kisha dakika 6 mfululizo bila kupumzika, nami nikaandika matokeo hayo kwa furaha. Nilipomwamkia aliitikia marahaba, akakaa, akasema, "Mwanangu, njiani mguu hauna neno, ila nikiingia msikitini unanivuta nyuma."

Kosa lilikuwa langu. Unyayo wa bandia tunaoutumia zaidi haukunjiki kwenye kifundo, kwa hiyo mguu mzima hupangwa kulingana na kimo cha kisigino cha kiatu, nami nilimpangia akiwa amevaa viatu vya ngozi vyenye kisigino cha karibu sentimita 2. Kiatu kikivuliwa, kisigino cha unyayo hushuka, muundi hulalia nyuma, na goti husukumwa nyuma kila anapokanyaga. Mtu huyu huvua viatu mara tano kwa siku msikitini, na tena kila anapokaribishwa nyumba ya watu. Nilikuwa nimempa mguu wa kutembelea barabarani tu.

Huko Jaipur, India, daktari Pramod Karan Sethi na fundi Ram Chandra Sharma walilitazama jambo hili mapema. Unyayo wa mpira waliouunda mwaka 1968 ulikusudiwa watu wanaotembea peku, wanaochutama na kukaa chini. Naona walianzia mahali panapofaa, yaani kwenye siku ya mvaaji.

Nililegeza skrubu, nikaupanga mguu upya akiwa amevaa makubadhi, ambayo kisigino chake ni kama hakipo, kisha nikamwomba atembee peku juu ya mkeka, ainame na kuinuka. Goti lilitulia.

Kilichonishughulisha zaidi ni soketi, yaani sehemu ya mguu wa bandia inayovalishwa kwenye kigutu, kipande cha mguu kilichobaki baada ya kukatwa. Tunapochonga umbo la plasta la kigutu, tunapunguza plasta pale panapoweza kubeba uzito, hasa kwenye ukano ulio chini ya kilegesambwa, na tunaongeza pale mfupa ulipochomoza, ili soketi isiuguse. Kiwango cha kimataifa cha ISO 10328 hutaka viungo vya namna hii vibebeshwe mzigo kwa mashine mara milioni 3, na jaribio hilo humwepusha mvaaji na kuvunjikiwa, lakini halisemi lolote kuhusu jasho la msimu wa kaskazi, linaloilainisha ngozi hadi ikachubuka kwa msuguano mdogo tu. Mwenye kisukari huenda asiusikie mchubuko huo. Ndiyo maana namvua soketi baada ya matembezi mafupi na kutazama wekundu uliobaki: ukififia ndani ya dakika 10 hivi, naridhika, ukidumu, narudi kwenye plasta.

Siku hizi, kabla ya kuchukua vipimo, namwomba kila mgonjwa aje na viatu vyake vyote na anieleze anapokaa, anaposali na anapofanyia kazi. Mzee atarudi Jumatatu. Tutashuka pamoja mteremko wa feri ya Likoni wakati maji yamekupwa, tupande tena polepole, kisha nitamvua soketi pale pale kivulini, nikitazame kigutu.