Anayemtuliza mtoto, yeye anatulizwa na nani?

Bukavu, Kadutu. Jumapili usiku.

Mtoto wa marehemu yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, haogopi giza wala mbwa. Anaogopa mvua. Alikuja kwangu kutoka Kalehe baada ya mafuriko ya Mei 2023, yale yaliyofagia vijiji vya Bushushu na Nyamukubi na kuua watu zaidi ya 400, mama yake akiwemo. Sasa fikirini kumlea mtoto kama huyo Bukavu, mji wa mvua na vilima, chini ya mabati.

Waliokuja kutupa pole walimwambia ajikaze na amwachie Mungu. Sina ugomvi na Mungu. Ila kilichomsaidia ni kulala mgongo wake ukigusa wangu. Matone yakianza, mwili wake unakakamaa. Kisha pumzi yake inashuka polepole, inafuata yangu, na usingizi unamchukua kabla mvua haijakatika. Hatuongei neno.

Nimesoma kidogo kuhusu mambo haya. Mwaka 2006, mwanasaikolojia wa Marekani, James Coan, na wenzake walichapisha jaribio la wanawake 16 wenye ndoa. Kila mmoja alilazwa ndani ya mashine inayoonyesha ubongo ukifanya kazi, akawa anaonywa kwamba huenda atapigwa shoti ya umeme. Mara alikuwa peke yake, mara ameshikwa mkono na mtu asiyemjua, mara na mume wake. Mkono wa mume ulituliza sehemu za ubongo zinazohangaika na hatari. Wa mgeni ulisaidia, lakini kidogo. Na waliokuwa na ndoa nzuri zaidi ndio waliotulia zaidi. Kwa hiyo si kila mkono unafaa. Akina mama wa avenyu yetu wangemwambia Coan hilo bila mashine. Coan anaona kwamba ubongo wa binadamu unatarajia kuwa na wenzake, unawahesabu ndani ya nguvu zake wenyewe. Ukibaki peke yako, mzigo uleule unakuwa mzito zaidi.

Kuna ndugu mmoja anayependa kusema mtoto huyu ana woga wa kuzaliwa nao. Huyo ningependa asikie habari za panya wa Michael Meaney, kule Montreal, Kanada. Kuna panya jike wanaolamba vitoto vyao sana, na wengine kidogo. Vilivyolambwa sana hukua vitulivu, kwa sababu ubongo wao unapata vipokezi vingi zaidi vya homoni ya mfadhaiko, hivyo unajua mapema wakati wa kuacha kuhangaika. Watafiti walipochukua vitoto vya mama asiyelamba wakavipa mama anayelamba, navyo vilikua vitulivu. Malezi yalikuwa yamegusa hata namna jeni zinavyofanya kazi. Mtoto si panya, na kwa panya mambo hayo hutokea katika juma la kwanza la maisha. Binti yetu alikuja akijua kusoma. Lakini habari ya kwamba mtu huzaliwa hivyo na kufa hivyo, mimi siipokei tena.

Kilichonigusa kuliko vyote kilifanyika huku kwetu mashariki mwa Kongo. Ni utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wa wanawake waliopitia ukatili wa kingono. Katika vijiji fulani, 157 walikaa katika vikundi na kufuata tiba ya kuchambua mawazo yanayowatesa. Katika vijiji vingine, 248 walipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Wengi hawakuwa wamesoma, na walioongoza vikundi walikuwa Wakongo wenye elimu ya sekondari waliofunzwa kazi hiyo. Miezi sita baada ya tiba, waliobaki na dalili kubwa za huzuni au wasiwasi walikuwa asilimia 9 kwa wale wa vikundi, na asilimia 42 kwa wale wengine. Mtu mkali atauliza: ni ile tiba, au ni kule kukaa pamoja? Utafiti haukutenganisha viwili hivyo. Mimi nina dhana yangu.

Maana kuna jambo ambalo vitabu vinalipita haraka. Huo mgongo wangu anaoegemea mtoto, unadhani umetulia wenyewe? Yaya alikuwa yaya yangu pia. Kuna majuma ambayo ningelala naye tungetetemeka wawili. Walionishika mimi ni akina mama wa Muso yetu, kikundi chetu cha kuweka akiba na kusaidiana. Tunakutana kwa ajili ya pesa, tusidanganyane. Sanduku la kijani la mikopo, sanduku jekundu la misiba. Lakini baada ya hesabu watu hawaondoki. Mmoja anachambua sombe, majani ya muhogo, mwingine analalamika kuhusu bei ya makala, mkaa wa kupikia, na mimi nikinyamaza sana koko wa jirani, yule bibi, ananisogelea tu bila kuuliza. Nikitoka hapo narudi nyumbani na kitu cha kumpa mtoto.

Ndiyo sababu sijakubaliana na kaka yangu wa Lubumbashi. Anataka tumpeleke binti shule ya kulala hukohuko, yeye atalipa yote. Ni moyo mzuri, na shule yenyewe inasifika. Lakini binti ndiyo kwanza amepata watu: mimi, koko, na rafiki wa dawati moja ambaye hugombana naye kila Jumatatu. Nimemwomba kaka angoje hadi amalize darasa la sita. Akaniuliza tangu lini nimekuwa daktari.

Nitampigia tena mtandao ukitulia. Safari hii sitaanza na ada. Nitampa mtoto simu waongee kwanza, kwa sababu hawajawahi kuongea zaidi ya salamu. Na Krismasi, kama tiketi ya ndege haitakuwa na bei ya kichaa, aje akae nasi.