Karatasi ya ndani ya bweta: nilivyozifungua faili zangu baada ya kompyuta kupakiwa mfumo upya

Kwa muda wa miaka minne nilikuwa nikitoka kwetu Wete, kisiwani Pemba, kwenda Kojani, Micheweni na Konde kuwarekodi wazee wa uvuvi wakinieleza majina ya pepo zivumazo baharini, ya mitego na ya sehemu za dau, pamoja na habari za madago (kambi za wavuvi) waliyokwenda enzi za ujana wao. Baadhi yao, mazungumzo yalipokolea, walinigusia mambo ya mirathi na magomvi ya mashamba ya mikarafuu ambayo hawakupenda yafike kwa jirani, nami niliwapa ahadi kwamba hayatafika. Kwa sababu hiyo, nilipoweka mfumo wa uendeshaji wa Ubuntu, toleo la 16.04, katika kompyuta yangu mwaka 2017, nilikubali pendekezo lake la kusimba folda yangu yote ya nyumbani, ili asiyekuwa na nywila yangu asiweze kusoma chochote hata akiichomoa diski.

Mwaka 2021 nilikaa Unguja zaidi ya miezi miwili, na niliporudi nywila niliyoibadilisha siku chache kabla ya safari ilikuwa imenitoka kabisa. Mpwa wangu, ambaye anasoma mambo ya kompyuta, aliniambia: "Mjomba, hilo dogo." Akaiwasha mashine kwa njia ya uokoaji, akaniwekea nywila mpya kwa mamlaka ya msimamizi. Nywila ile ilikubaliwa, lakini kila nilipoiandika kioo kiligeuka cheusi kwa sekunde moja kisha nikarudishwa palepale pa kuandika nywila. Tulidhani mfumo umeharibika. Akapakia Ubuntu 20.04, na kwa bahati njema hakuigusa sehemu ya diski yenye folda za nyumbani.

Mfumo mpya uliwaka vizuri, ila ndani ya folda yangu ya zamani mlikuwa na vitu viwili tu: faili fupi ya maelezo na kiungo chenye jina la kunialika kufungua data yangu ya siri. Rekodi zote zilikuwa hazionekani.

Ilinichukua siku kadhaa za kusoma kuelewa kwamba mfumo ule wa mwanzo haukuwa na kasoro yoyote. Usimbaji wa aina ile, unaoitwa eCryptfs, hautumii nywila ya kuingilia kusimba faili. Kila faili ina ufunguo wake, na funguo hizo zinalindwa na kirai kimoja kirefu, yaani mfuatano wa alama za siri, ambacho kompyuta hukibuni yenyewe siku ya kwanza. Kazi ya nywila ni kukifunga kirai hicho ndani ya faili ndogo iitwayo wrapped-passphrase. Mtu akibadilisha nywila yake mwenyewe kwa njia ya kawaida, kirai hufunguliwa kwa nywila ya zamani na kufungwa tena kwa mpya. Msimamizi akiibadilisha kwa nguvu, nywila ya zamani haipo mezani, kwa hiyo kirai hubaki kimefungwa vilevile. Mtumiaji huingia lakini folda yake haifunguki, naye hutupwa nje. Kumbe kile kioo cheusi kilikuwa kikitueleza hayo, nasi hatukukielewa.

Basi zilibaki njia mbili: kuikumbuka nywila niliyoisahau, au kukipata kirai chenyewe. Ya kwanza niliijaribu kwa siku mbili bila mafanikio. Kuhusu ya pili, nilikumbuka kwamba mwaka 2017 mfumo ulinionyesha kirai hicho na kunisihi nikiandike mahali, nami nikakinakili kwa mkono. Nilipomuuliza mke wangu, alinijibu bila hata kuinua macho: "Si ile karatasi ya namba uliyoniambia nisiitupe? Imo bwetani, pamoja na hati za shamba." Nywila nilikuwa nimeibadilisha mara nyingi tangu wakati ule, lakini kirai hakibadiliki kwa kubadilisha nywila, na hivyo karatasi ya miaka minne ilikuwa bado na thamani yake.

Kabla ya kujaribu lolote nilinakili folda yote iliyosimbwa katika diski ya nje. Diski hiyo niliiandaa kwanza kwa muundo wa ext4, kwa kuwa majina ya faili zilizosimbwa hutofautisha herufi kubwa na ndogo, na diski nyingi za dukani huja na muundo usiojali tofauti hiyo. Umeme wetu haukosi kukatika, na betri yangu ilikuwa imechoka, kwa hiyo kazi hiyo niliifanya usiku, wakati ambao kwetu umeme hutulia.

Karatasi ilikuwa imepata unyevu wa masika. Kirai kina alama 32, na mwanzoni nilikata tamaa kwa sababu mwandiko wangu haukutofautisha sifuri na herufi o, wala moja na herufi l, wala tisa na g. Mpwa wangu ndiye aliyegundua kwamba alama zote ni za heksadesimali, yaani tarakimu 0 hadi 9 na herufi a hadi f peke yake. Papo hapo o, l na g zikaondoka, na shaka nyingi zikaisha. Zilibaki sehemu mbili ambazo hazikujulikana kama ni 6 au b, na alama moja iliyofutika kabisa kwa maji. Mbili mara mbili mara kumi na sita ni 64. Hesabu ambayo mtu anaiweza.

Tatizo ni kwamba eCryptfs haikwambii umekosea. Ukiipa kirai kisicho sahihi hukipokea kwa adabu, halafu unakuta huoni chochote cha maana. Kipimo chake kimo katika faili ndogo iitwayo Private.sig, ambayo huhifadhi saini mbili, yaani alama fupi za utambulisho zinazotokana na kirai sahihi, za herufi na tarakimu 16 kila moja: ya juu ni ya yaliyomo ndani ya faili, ya chini ni ya majina ya faili. Amri ya ecryptfs-add-passphrase, ikiongezewa --fnek, hutoa saini za kirai ulichokiandika, nawe unazilinganisha na hizo. Mpwa wangu aliandika programu ya mistari michache ya kuvipitisha virai vyote 64, na kabla chai haijapoa kimoja kililingana kwa saini zote mbili.

Kilichofuata kilikuwa chepesi. Niliendesha ecryptfs-recover-private nikiielekeza kwenye folda ya .Private iliyomo ndani ya /home/.ecryptfs, iliponiuliza kama naijua nywila ya kuingilia nilijibu hapana, nikaandika kirai, na folda ikafunguliwa chini ya /tmp, mahali pa faili za muda, kwa kusomwa tu, bila ruhusa ya kuandika. Hilo ndilo nililolitaka, maana sikutaka mkono wangu uharibu tena. Nilinakili kila kitu usiku uleule katika sehemu nyingine ya diski ya nje, ambayo nilikuwa nimeisimba yote kwa LUKS, njia ya kusimba sehemu nzima ya diski badala ya faili mojamoja. Ubuntu yenyewe iliacha kuwapa watu usimbaji wa folda ya nyumbani katika usakinishaji wake tangu toleo la 18.04, na baada ya haya sioni sababu ya kuusikitikia.

Rekodi zote zilifunguka isipokuwa mbili, ambazo hata katika hali ya kusimbwa zilikuwa na ukubwa wa baiti sifuri. Hizo hazikupotezwa na usimbaji wala na mpwa wangu. Naamini umeme ulikatika wakati nikizihifadhi, nami sikuzikagua. Zote mbili zilikuwa za mzee mmoja wa Kojani. Wiki iliyofuata nilivuka nikamsalimu, nikamweleza kwa aibu, naye alicheka sana, akaanza upya kutoka jina la upepo wa kwanza.