Nilivyohama na bunduki yangu kutoka Tabora hadi Kigoma

"Ifunge ndani ya godoro, shemeji. Nani atafungua godoro la mtu barabarani?" Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyoambiwa nilipotangaza kwamba tunahamia Kigoma, na mpaka leo yananikera. Godoro linapakiwa na vibarua usiowajua, halafu njia nzima utingo analilalia. Silaha ikipotea pale Kaliua, leseni ina jina langu, si la shemeji. Na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 si ya kuchezea.

Yangu ni shotigani ya mtutu mmoja, ninayo tangu nikifuga ng'ombe upande wa Sikonge. Mwaka 2016, silaha zilipohakikiwa nchini, ilipita vizuri, kwa hiyo nilidhani nitaenda kituo cha polisi asubuhi, nitaaga, nitaondoka na barua ya kuhama na silaha. Nikarudishwa. Askari alisoma namba kwenye chuma, akasoma kwenye leseni, akatikisa kichwa. "Mzee, huku naona tatu, kwenye leseni ni nane. Siwezi kuandikia barua silaha nisiyoitambua."

Nilirudi nyumbani Isevya, hapo hapo Tabora, nimenyong'onyea, na lori nimeshalilipia kianzio (jumla ilikuwa laki nane na ushee). Jioni nikakaa uani na mafuta ya taa kidogo kwenye kisoda na mswaki uliochakaa. Kutu ilikuwa imeziba upande wote wa kushoto wa ile nane. Sikugusa msasa wala kisu, maana ukikwangua namba utaonekana umeifuta, na hiyo ni kesi nyingine kabisa. Nilichovya, nikasugua taratibu, nikafuta kwa kitambaa, nikachovya tena. Isha ilishaadhiniwa nilipopaka unga wa chaki juu yake na kuupangusa kwa kidole. Chaki ikabaki ndani ya michoro, nane ikatokea nyeupe, kamili! Nikamwita mke wangu asome bila kumwambia kitu. "Nane," akasema. Kesho yake afande akasoma mwenyewe, akaandika barua ya kwa wenzake wa Kigoma.

Siku ya kuhama niliifungua pale mtutu unapokunjwa, nikautazamia mwangani, nikaingiza kidole cha mwisho kwenye chemba, pale risasi inapokaa. Jana yake nilikuwa nimeshaangalia, unaangalia tena. Nikatenganisha mtutu na kitako, vikaingia kwenye boksi la mbao lenye kufuli. Risasi kumi na moja nilizihesabu mbele ya mke wangu, zikakaa kwenye kikasha chao cha chuma, mbali na boksi. Funguo zote mbili nilizivaa shingoni. Lori likabeba vyombo, mimi na silaha tukaenda na gari dogo la binamu yangu, ambalo sikushuka hata kula pale Nguruka. Nililetewa mahindi dirishani.

Kigoma ni mkoa wa mpakani, kwa hiyo tegemea vizuizi. Usisubiri boksi ligunduliwe. Tuliposimamishwa niliweka mikono juu ya dashibodi na kusema kabla sijaulizwa: "Shikamoo afande, nina silaha yenye leseni. Iko nyuma, haina risasi ndani. Karatasi hizi hapa. Nielekeze nifanye nini." Akaniambia nibaki nimekaa, akafungua mwenyewe, akalinganisha namba. Ile nane ilisomeka mara moja. Roho yangu ilitulia pale pale.

Tulifika alasiri. Nilipitia kituoni kwanza, nikawasilisha barua na silaha ikaandikwa, ndipo nikaenda nyumbani Mwanga, mtaa wa hapo hapo Kigoma. Fundi alikuwa akinisubiri. Usiku ule watoto walilala kwenye mkeka, vitanda bado vimefungwa kamba, lakini kabati la chuma la kuwekea silaha lilikuwa limeshakazwa ukutani kwa boliti nne.