Joka liliungua, sawa, lakini wale sita je?

Mimi kazi yangu ni steji. Kufunga taa, kuvuta kebo, kusimamisha propu, yaani vitu vya kupamba steji, halafu usiku wa manane kuangusha kila kitu wakati wageni washaenda kulala. Simu yangu ishanijua, kila siku inaniletea video za steji kutoka kila pembe ya dunia, na kuna moja haiishi kurudi, ile ya joka la Disneyland, ile bustani ya burudani ya Marekani, likiwaka. Miaka imepita na bado kuna watu wazima wanaliomboleza hilo joka kama wamefiwa na mjomba. Lirudishwe, lijengwe lingine, bila joka shoo haina ladha. Na mimi kila nikiiona najiuliza swali moja tu, wale watu waliokuwa pale nyuma waliendaje nyumbani.

Kwa wale hawajui hii stori. Ilikuwa tarehe 22 Aprili 2023, usiku, huko Anaheim, California. Kuna shoo inaitwa Fantasmic!, imekuwa ikichezwa pale tangu 1992, steji yake iko kwa kisiwa katikati ya mto wa kutengenezwa na watazamaji wako ng'ambo. Mickey anaota ndoto, maadui wanamwingilia, mwishoni mchawi Maleficent anageuka joka, joka linatema moto, Mickey anapigana nalo analimaliza, fataki, watu wanaenda. Sasa usiku huo joka limetema moto na kichwa chake chenyewe kikashika. Ukitazama ile video unaona vile watu hawakushtuka mara moja, wanadhani ni shoo, simu ziko juu, muziki bado unaenda na Mickey bado yuko pale juu. Halafu moto unaanza kushuka shingo, na hapo ndo unasikia sauti za watu zikibadilika.

Hilo joka lilikuwa la futi 45, yaani karibu mita 14. Chukua ploti ya gorofa nne pale Umoja, Nairobi, uiweke mdomo na mabawa. Lililetwa 2009, na lile la kabla yake kusema ukweli lilikuwa kichwa tu kimeinuliwa na kreni na kitambaa kimening'inizwa chini kikiigiza mwili. Hili jipya hata kuanza lilichelewa, likawa na mazoea ya kugoma, mpaka mashabiki wakalibandika jina Murphy, juu ya ile kanuni ya kwamba kitu kinachoweza kuharibika kitaharibika tu. Na usisahau limezungukwa na mto. Maji pande zote, na bado liliungua likabaki vyuma, juu maji ya mto hayapandi mita 14 yenyewe.

Wageni hakuna aliyeumia. Walihamishwa kutoka sehemu za karibu kwa sababu ya moshi na upepo, wafanyakazi wakatolewa kisiwani, zimamoto ya Anaheim wakaja wakazima. Wafanyakazi sita walitibiwa kwa kuvuta moshi. Hapo ndo stori ya watu inaishia kwa habari nyingi, sentensi moja, halafu inarudi kwa joka. Joka lilikuwa la bei gani, joka litarudi lini, mabaki ya joka yalifunikwa na nini.

Sisemi hiyo kampuni ya Disney ilifanya vibaya baadaye, hapana, hapo nawapa heko. Walisimamisha moto wa aina hiyo kwa shoo na gwaride zao kadhaa duniani, sio hiyo moja pekee, kwanza wakague. Hata haikuwa mara ya kwanza, Mei 2018 kule Florida joka lingine lao la gwaride lilishika moto kichwani mchana kweupe katikati ya barabara, watu wamejipanga pande zote. Na hii ya California ilikaa giza zaidi ya mwaka. Iliporudi tarehe 24 Mei 2024 haikuwa na joka tena. Maleficent anabaki Maleficent, anainuliwa juu sana kwa lifti akiwa na joho lake, na wakarudisha ile sehemu ya meli ya Peter Pan na Kapteni Hook ambayo ilikuwa imeondolewa. Wapenzi wa joka walinung'unika. Mimi nikasema hawa wamefanya kitu ngumu kuliko kujenga joka, wameambia mteja hapana na bado wakampa shoo.

Juu hapa kwetu hilo neno hapana ndo halipatikani.

Nitawaambia ya kwetu na sitataja kampuni wala ukumbi. Hafla ya Krismasi, ya wafanyakazi na familia zao, watoto wengi. Mwenye kazi alitaka kijiji cha theluji, Nairobi, Desemba, jua linawaka, sawa, pesa ni zake. Tukajengewa nyumba ndogo ya sponji na mbao nyembamba, paa limejaa pamba, na pembeni mashine mbili za cheche baridi. Hizi cheche mmeziona kwa harusi, maharusi wanaingia na chemchemi ya nyota inapanda pande mbili. Jina ndo limepoteza watu. Ndani mle kuna chembechembe za madini, titani na zirkoni, zinapashwa moto mpaka ziwake ndo zirushwe. Ukiwa mbali zikikugusa mkononi husikii kitu. Pale kwa mdomo wa mashine lakini ni moto kama moto mwingine wowote, na pamba haijui hiyo ni baridi ya jina.

Mashine tuliziweka mbali na nyumba. Zikapimwa, zikawekewa tepu chini. Halafu mpiga picha akasema kwa fremu yake nyumba haionekani vizuri na cheche, wasogeze kidogo. Supavaiza wa siku hiyo akasogeza mashine kwa mguu. Kwa mguu jameni, hata hakuinama.

Paa lilishika kabla wimbo wa kwanza uishe. Na venye pamba huwaka, hakuna ule muda wa kusema hebu ngoja. Kijana wetu mmoja wa kubeba, hata hakuwa mtu wa steji, alikuwa ameitwa siku hiyo juu lori lilikuwa na mzigo mwingi, akaikumbatia ile nyumba akaitoa nyuma ya pazia akaitupa kwa kokoto. Mwingine akaja na mtungi wa poda ya kuzima moto akaimalizia hapo. Saundi ikaendelea. MC akatoa mzaha, watoto wakapiga makofi. Kwa wageni hakuna kitu kilitokea, na mpaka leo kuna familia iko na picha nzuri sana ya hiyo sekunde.

Sponji ikiyeyuka hudondoka matone, na kila tone linashuka likiwa linawaka. Mawili yalimshika huyo kijana mkono wa ndani, hapa juu ya kiwiko. Lakini ile iliyomsumbua ni moshi. Moshi wa sponji ya godoro sio wa kuni, usione mama anapika na jiko la kuni miaka yote ukadhani umezoea. Ile sponji ikiungua inatoa kaboni monoksaidi na sianidi, ndiyo hiyo hiyo sianidi unayoijua. West Warwick, Rhode Island, Februari 2003, fataki za bendi zilishika sponji iliyobandikwa ukutani kwa klabu, watu 100 wakafa. Santa Maria kule Brazil, Januari 2013, tena bendi, tena fataki, tena sponji ya darini, watu 242. Wengi wao moto haukuwafikia, moshi ndio ulifika kwanza. Kwa hivyo nikisoma sita walitibiwa kwa kuvuta moshi, mimi sisomi haraka haraka nikapita.

Asubuhi yake ndo naikumbuka zaidi. Tulikuwa na saa chache kurudisha ukumbi, kwa hivyo tunakwangua plastiki iliyogandia mbao za steji na bisibisi, inatoka vipande kama gamba, na kila ukipiga kamasi kitambaa kinatoka cheusi. Poda ya ule mtungi imeingia kila mahali, kwa kebo, kwa mota za taa, kwa chai. Mtu wa mwenye kazi akaja na karatasi anakagua. Aliuliza kuhusu zulia, zulia limechomeka sehemu gani na la nani. Akauliza kama picha zilitoka. Akauliza nyumba ya theluji ingine inaweza patikana kufikia wikendi juu wako na hafla ingine Mombasa Road. Huyo kijana ameketi pale kwa spika anakohoa, mkono umefungwa na fulana iliyolowa, na mtu anamruka na karatasi kuhesabu madoa ya zulia.

Tulichanga sisi wenyewe, M-Pesa, mia mbili huyu, mia tano yule, akaenda kliniki akapigwa picha ya kifua. Alipona, nashukuru Mungu, ingawa alikaa muda akiamka usiku na kifua. Sheria ipo, ya fidia kwa wanaoumia kazini, ya 2007, na mwajiri anatakiwa awe na bima. Lakini kibarua anaitwa kwa simu saa kumi na moja jioni, analipwa kwa simu asubuhi, karatasi hakuna, ukiuliza aliajiriwa na nani kila mtu anaonyesha mwingine kidole. Ukumbi unasema ni wa mtu wa mapambo, mtu wa mapambo anasema aliletwa na lori, mwenye lori anasema mimi nilibeba mbao tu.

Baada ya hapo kuna kitu kilibadilika kwetu, na hakikutoka kwa meneja. Kilitoka kwa fundi wetu wa mbao, mzee sana kutushinda, tunamwita Guka, yaani babu. Guka akileta propu yoyote sasa, kabla iingie ndani anakata kipande kidogo mahali hapaonekani, anakishika na koleo, anawasha njiti chini yake, anahesabu kwa Kikuyu polepole, anatoa njiti. Kikizima chenyewe anaangusha, anakanyaga, anasema peleka. Kikiendelea kuwaka au kikidondosha matone ya moto, hiyo kitu inalala nje. Siku moja meneja akamwambia Guka hapa tumechelewa, hiyo ni mapambo tu, hakuna moto karibu. Guka hata hakuinua macho. "Mkubwa wangu, moto haupigi simu uulize kama kuna nafasi." Halafu akaendelea kukusanya vijiti vyake, na ile propu ililala nje kweli, mvua ikainyeshea.

Watu wanadhani hayo mambo yanahitaji mitambo ya Marekani. Kipande, koleo, kiberiti. Na mtu ambaye akisema hapana hafukuzwi, huyo ndo sijui unamnunua duka gani.

Kitu kingine ile video ya joka imenifanya niulize kila kazi, nani ana ruhusa ya kuzima. Shoo kubwa siku hizi zinaendeshwa na kompyuta, muziki na taa na moto na maji vyote vinafuata saa ile ile ya kompyuta, ukibonyeza mwanzo inajipeleka. Sasa moto ukishika vibaya, kompyuta haijui, yenyewe inaendelea na sekunde zake. Lazima kuwe na binadamu mkono kwa swichi, na binadamu huyo asiwe anangoja kumpigia bosi simu. Kwa hafla zetu mara nyingi swichi ya gesi iko na mtu wa gesi, mtu wa gesi ameenda kutafuta chakula, na mwenye sauti ya kusimamisha ni MC ambaye hajui hata mitungi iko upande gani.

Sasa juzi nimeitwa kwa mkutano wa kazi ya mwaka mpya. Mwenye kazi ni mama mmoja mkarimu sana, ametuandalia chai na mandazi, halafu akafungua simu akanionyesha, mnadhani alinionyesha nini, lile joka. Kabla liungue, sehemu ile linatema. Anataka simba, mkubwa, anatema moto watu wakihesabu kumi mpaka moja. Nikamwambia mama simba atakuwepo, na moto utauona, lakini hautakuwa wa gesi. Nikamweleza kitambaa cha hariri chepesi, kimekatwa ncha ncha, feni kali chini inakipuliza kwa nguvu, taa ya rangi ya chungwa na nyekundu inakimulika kutoka chini, na moshi wa mashine kidogo nyuma. Ukiwa mita kumi huwezi jua, na mtoto akipita akakishika anacheka.

Akafikiria. Akauliza kama watu hawataona ni kitambaa. Nikamwonyesha video yetu ya kazi ya kanisa fulani, akaitazama mara mbili, akaita binti yake naye akaitazama, binti akasema ni poa.

"Haya basi kijana wangu," akasema, "na kwa vile hakuna gesi, bei si itashuka?"

Nikamwambia mama, hizo feni zinakula stima kama posho mill. Tukaelewana kwa ile bei ya kwanza, na akaongeza mandazi ya kubebea Guka.